Kumtoa mgonjwa wa kiharusi kitandani hadi kitini bila kumuumiza bega: mwongozo kamili

Siku za kliniki huwa najua nitakachokikuta. Mgonjwa anaingizwa kwenye kiti mwendo, mkono mmoja umelala mapajani kama si wake, na nikigusa bega tu anakunja uso. Nauliza: nyumbani mnamnyanyuaje? Kijana wake anasimama kunionyesha. Anapitisha mikono kwapani kwa mama yake, anajibana, anavuta.

Nimeshaeleza kwa mdomo hadi sauti imekauka. Ndugu wanaitikia, wanarudi Mbagala au Kimara, wanasahau hatua mbili za katikati, na wiki inayofuata bega linauma kuliko mwanzo. Ndiyo maana leo naandika yote. Chapisha, bandika ukutani karibu na kitanda, na dada anayebaki na mgonjwa mchana asome pia, maana mara nyingi ndiye anayefanya kazi hii kuliko ninyi mnaokuja kliniki.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyepooza upande mmoja, aliyeruhusiwa hospitali, anayeweza kushika kichwa chake wima na kufuata agizo fupi kama "kunja goti". Kama hawezi hayo mawili, usijaribu. Mwambie fizio wako, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama mimi, akufundishe njia nyingine ana kwa ana.

Kwa nini bega, na si kitu kingine

Mfupa wa juu wa mkono una kichwa cha mviringo, kikubwa, kinachokaa kwenye kishimo kifupi sana. Fikiria chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kinacholizuia chungwa lisidondoke ni misuli inayolizunguka. Kisosi chenyewe hakifanyi kazi kubwa. Kiharusi kikiizima misuli hiyo, uzito wa mkono peke yake unatosha kulishusha chungwa. Kwa baadhi ya wagonjwa naweza kuingiza kidole kwenye pengo lililo juu ya kiungo.

Sasa wewe unakuja, unamshika kwapani au unamvuta kiganja. Unamalizia kazi.

Bega likishaanza kuuma, mgonjwa hataki kuguswa. Asipoguswa hafanyi mazoezi, na miezi 3 ya mwanzo, ambayo ndiyo mwili hurudisha nguvu kwa kasi zaidi, inapita akiwa anatazama dari.

Vitu vya kuandaa kwanza

Kiti imara chenye mikono. Si kile cha plastiki cha kwenye sherehe. Kile kinateleza kwenye tailizi na miguu yake hutanuka mgonjwa akikaa kwa kishindo. Kiti cha mbao cha mezani chenye mikono kinafaa. Kama una kiti mwendo, hakikisha breki zinashika kweli. Zifunge, halafu kisukume kwa nguvu uone.

Kitanda cha kimo sahihi. Mgonjwa akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu kikamilifu, na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kitanda kifupi mno ndicho chanzo cha nusu ya mahangaiko ninayoyasikia, kwa sababu kusimama kutoka chini kunahitaji nguvu ya mapaja ambayo mgonjwa hana. Fundi seremala anaweza kuongeza vipande vya mbao kwenye miguu ya kitanda. Matofali yaliyolegea usiweke. Na godoro la sponji lililobonyea ukingoni ligeuze, upande mgumu uje pale anapokalia.

Kitenge kimoja. Kikunje kwa urefu hadi kiwe kama mkanda mpana wa shibiri moja, kizungushe kiunoni mwa mgonjwa, ukifunge fundo la kubana mara mbili. Hiki ndicho utakachoshika badala ya kwapa. Ukiwa na uwezo, fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea mkanda wa turubai wenye vishikio viwili mgongoni. Mwonyeshe ule mkanda wa begi la shule, atakuelewa.

Raba au viatu vilivyofunga kisigino. Ndala hapana. Soksi peke yake kwenye tailizi ni balaa. Peku kwenye sakafu kavu inakubalika, isipokuwa kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu. Huyo avae viatu kila anaposimama.

Mito miwili. Na kwa siku za mwanzo, mtu wa pili.

Siku ambazo hutamnyanyua

Akiwa na kizunguzungu, jasho jembamba, kifua kinauma au anahema kwa shida, mwache kitandani na umpeleke hospitali. Vivyo hivyo kigimbi cha mguu mmoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na kinauma, kwani huenda damu imeganda ndani. Usikichue kamwe.

Mdomo ukienda upande upya, mkono ukilegea zaidi ya jana, maneno yakaanza kukorogeka: hicho ni kiharusi kingine mpaka daktari aseme vinginevyo. Kila dakika ina thamani. Bajaji, gari la jirani, chochote.

Jambo moja kwa wale ambao mgonjwa wao bado yuko wodini. Watu husikia "mazoezi mapema" wakaanza kumkalisha usiku ule ule. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 5, ulionyesha kwamba kuwatoa wagonjwa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yao ya kupona vizuri. Siku ya kwanza waachie watu wa wodi.

Hatua ya 1: jaribu kwa mtu mzima wa afya

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu. Sisi tuliosomea fizio KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, tulirudia zoezi hili hadi tukachokana, mmoja anajifanya amepooza, mwingine anamhamisha. Bado mara yangu ya kwanza na mgonjwa halisi nilimvuta mzee mmoja mkono, akapiga kelele wodi nzima ikageuka. Sijasahau ile sauti.

Basi chukua mdogo wako, mlaze kitandani, mwambie mguu na mkono wa kulia haufanyi kazi. Mhamishe mara tano. Kisha mbadilishane: lala wewe, uhamishwe. Ukishavutwa kwapani mara moja tu utaelewa ninachosema.

Umefaulu pale ambapo nyote wawili mnamaliza bila kuhema.

Hatua ya 2: panga chumba

Funga chandarua juu. Ondoa mkeka na zulia. Kausha sakafu. Mpira wa mkojo kama upo, uhamishe mfuko wake kwanza, vinginevyo mtausikia ukikatika mkiwa mmeshasimama.

Mgonjwa atatokea ukingo wa upande wake mzima. Kama amepooza kulia, atashukia kushoto kwake. Kiti kitakaa upande huo huo wa kitanda, karibu na mto, kikitazama miguuni mwa kitanda lakini kimepinda kidogo kutoka ukingoni mwa kitanda. Hapa wengi hukosea, wanakiweka miguuni. Ukikaa ukingoni mwenyewe na kutazama nje utaona sababu: mkono wako mzima uko upande wa mto, na kiti kinatakiwa kuwa upande ambao mkono wenye nguvu utakifikia.

Kama mko wawili, kiti kisubiri pembeni. Wa pili atakisogeza mgonjwa akishaketi.

Hatua ya 3: mwambie

"Baba, tunataka kukaa kwenye kiti. Tutaanza kwa kugeuka." Simama mahali anapokuona. Baada ya kiharusi, wengine husahau kabisa kwamba upande mmoja wa dunia upo, hivyo ukisemea upande huo ni kama unasemea ukuta.

Agizo moja kwa wakati. Mtu mmoja tu ndiye mwenye amri. Shangazi, mjomba na jirani aliyekuja kumjulia hali wakae kimya dakika tano. Aliyepoteza maneno huenda bado anaelewa ishara: gusa goti unalotaka alikunje, onyesha kwa mwili wako.

Hatua ya 4: geuza ubavu

Kunja magoti yote mawili, nyayo zikae kwenye godoro. Mguu uliopooza utausaidia wewe kwa kushika chini ya goti na kisigino. Mwambie aushike mkono uliopooza kwa mkono wake mzima, kwenye kifundo au chini yake kidogo, aulete kifuani. Mkono huo usiachwe nyuma, kwani ukibaki nyuma bega ndilo litakalolipa.

Sasa weka mkono wako mmoja nyuma ya bega lililopooza, kwenye lile fupa bapa la mgongoni, na mwingine kwenye nyonga. Hesabu: moja, mbili, geuka. Mwelekeze kuja kwako. Magoti yakishaanza kuanguka upande wako, kiwiliwili kinafuata chenyewe; utashangaa ni nguvu kidogo kiasi gani inahitajika.

Hatua ya 5: kaa ukingoni

Akiwa kwenye ubavu mzima, shusha miguu yake yote miwili nje ya kitanda. Uzito wa miguu ukishuka, kiwiliwili kinataka kupanda, kama mizani ya dukani. Mwambie ajisukume kwa kiwiko cha mkono mzima, kisha kwa kiganja. Wewe saidia kwa fupa bapa la mgongoni na nyonga. Usimvute shingo. Usimpe shingo yako aikumbatie pia. Nimeona migongo mingi ya mabinti ikiharibika kwa njia hiyo.

Sasa subirini. Dakika moja mpaka mbili, hakuna linalofanyika. Aliyelala kwa siku nyingi, presha yake hushuka anapokaa wima, na akisimama papo hapo ataanguka nayo. Mwangalie usoni, msemeshe. Macho yakilegea, mrudishe alale.

Ataegemea upande mmoja, mara nyingi ule uliopooza. Kaa karibu naye, mwombe aangalie mbele, kwenye mlango au saa ya ukutani. Usimwache peke yake hata kwa sekunde ya kuchukua simu.

Umefaulu akikaa dakika nzima, nyayo zote chini, bila kushikwa kwa nguvu. Kama bado hajaweza, ishie hapa kwa leo. Kukaa ukingoni ni mazoezi kamili, na kuna familia zinazoishia hapa wiki nzima. Si aibu.

Hatua ya 6: sogea mbele, rudisha miguu

Funga kitenge kiunoni. Msaidie asogeze kalio moja mbele, kisha jingine, hadi nusu ya mapaja itoke nje ya godoro. Halafu rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti.

Jaribu sasa hivi ulipokaa: peleka miguu mbele, simama. Huwezi. Irudishe chini yako, simama. Tofauti ni hiyo tu, na bado ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Ndugu wanahangaika kunyanyua kilo 80 kwa sababu visigino viko mbele kwa shibiri moja.

Hatua ya 7: simama

Simama mbele yake. Goti lako, au magoti yako mawili, yaguse goti lake lililopooza kwa mbele, ili lisikunjike ghafla. Usilibane kwa nguvu, lizuie tu. Shika kitenge kwa mikono yote miwili, nyuma ya kiuno. Magoti yako yamekunjwa, mgongo wako umenyooka.

Mkono wake mzima ukae kwenye godoro, ili asukume. Akiukamata mkono wako au nguo yako, urudishe godoroni kwa upole.

Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapa mgonjwa huogopa, anaona anaanguka kifudifudi, anajirudisha nyuma. Nawe ukivuta juu wakati yeye anarudi nyuma, mnapigana, na mwenye uzito mkubwa ndiye anayeshinda. Mpe nafasi. Sogeza kichwa chako pembeni ili asikugonge, mwonyeshe anapokwenda, rudieni kuinama na kurudi mara mbili tatu bila kusimama. Pua ikishavuka vidole, makalio yanaanza kupaa yenyewe.

Moja, mbili, simama. Wewe unahamisha uzito wako kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma. Hunyanyui. Ukihisi unanyanyua, mkalishe, rudi hatua ya 6.

Hatua ya 8: geuka na kukaa

Msimame kwanza, pumzi mbili. Kisha makalio yaelekee kwenye kiti, kwa hatua ndogondogo za nyayo. Usimzungushe kama jiko la mkaa, mguu uliopooza utabaki nyuma umejisokota, na kifundo kitateguka bila yeye kuhisi.

Nyuma ya magoti yake ikigusa kiti, mwambie apeleke mkono mzima kwenye mkono wa kiti. Ainame tena mbele, ashuke taratibu. Kudondoka "pu!" kunamtetemesha uti wa mgongo na kumfundisha kuogopa kiti.

Hatua ya 9: mweke vizuri

Makalio yote nyuma kabisa ya kiti. Nyayo chini. Mkono uliopooza juu ya mto, kiganja kimefunguka, kiwiko kimeegemezwa. Usining'inie pembeni hata wakati anakula.

Mara ya kwanza nusu saa inatosha. Kila robo saa aegemee upande huu, kisha ule, ili makalio yapate damu. Vidonda vya kulalia huanza kama doa jekundu ambalo halifutiki ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo pima kwa mkono kama pana joto au ugumu. Kitandani nako ageuzwe kila saa 2.

Kurudi kitandani ni safari tofauti

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wamechoka na wanadhani wanarudia walichofanya. Angalieni: sasa kitanda kiko upande wake uliopooza.

Kama ni kiti mwendo, kisukume hadi karibu na miguu ya kitanda, kikitazama mto. Kwa hapo kitanda kitakuwa tena upande mzima. Funga breki, rudia hatua 6 hadi 8.

Kama ni kiti cha kawaida hamtaweza kukihamisha naye akiwa juu. Fanyeni hivyo hivyo kwa upande uliopooza, lakini watu wawili: mmoja mbele anazuia goti, wa pili nyuma ameshika kitenge. Goti lililopooza ndilo litabeba uzito wakati wa kugeuka, kwa hiyo mzuiaji asiondoke hata inchi moja mpaka makalio yawe kwenye godoro.

Akianza kuanguka

Usishindane na uzito. Mvute karibu nawe kwa kitenge, peleka mguu wako mmoja mbele, mwache ateleze kwenye paja lako hadi chini, ukilinda kichwa. Akishafika sakafuni, mweke mto, kaeni hapo. Haraka imekwisha. Angalia kama kuna maumivu ya nyonga, hasa kwa wazee, na kama mguu mmoja umeonekana mfupi au umegeukia nje, usimsogeze. Ita msaada wa hospitali.

Mambo ya pembeni ambayo mtayasikia mtaani

Kuchua kwa mafuta ya nazi kunapendeza na hakuna ubaya, mradi bega halivutwi wala kuzungushwa. Lakini ubongo haujifunzi kusimama kwa kuchuliwa. Unajifunza kwa kusimama, mara nyingi, kila siku. Wanaoniita "mtu wa masaji" nawasamehe.

Kamba ya kapi mlangoni, mgonjwa avute mkono mmoja kwa mwingine juu ya kichwa: iondoeni leo. Inalipeleka lile chungwa kugonga mfupa wa juu, na huleta maumivu ya bega. Mpira wa tenisi nao humfundisha kukunja vidole, ambavyo tayari vinapenda kukunjika. Anachokosa ni kuvifungua.

Daftari la kliniki

Nunua daftari dogo. Kila siku andika: amekaa ukingoni dakika ngapi bila kushikwa, mlimhamisha watu wangapi, goti lilikunjika au halikukunjika, bega liliuma kwa tendo gani. Lete siku ya mazoezi, iwe ni hospitali ya Muhimbili, Temeke, Amana au Mwananyamala. Fizio anayekuona robo saa kwa wiki hawezi kujua yaliyotokea siku 6 nyingine, na kwa kurasa mbili hizo anaweza kuamua kama sasa mgonjwa aanze kushukia upande uliopooza, apewe fimbo, au abaki kwanza hapo alipo.

Na video fupi ya simu, mkimhamisha, ni bora kuliko maelezo yote. Mwombe mgonjwa ruhusa kwanza.